Mtoto Aliyelilia Jina

Paukwa!

Pakawa!

Hamkuitika nyote. Yule pale kando ya ghala ameitika kwa mdomo tu, roho yake bado iko kwenye sufuria ya ugali. Naanza tena. Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa nimewasikia. Sogezeni mikeka, na anayetaka kucheka acheke sasa hivi, maana huko mbele sina kichekesho cha kumpa.

Hapo zamani za kale, wakati wanyama walipokuwa wakiulizwa jambo na kujibu, palikuwa na kijiji kimoja katikati ya majabali makubwa. Watu wake walilima mtama, walifuga mbuzi, na walikuwa na desturi moja ambayo hawakuiacha hata siku moja. Mtoto akizaliwa, akanyonya na kulala, hupewa jina lolote la ukoo na mambo yakaisha. Lakini akizaliwa akalia bila kunyamaza, akakataa titi, watu husema, "Huyu analilia jina." Maana yake, kuna mmoja wa wafu wao anataka kurudi nyumbani, na mtoto hatatulia mpaka aitwe jina la huyo aliyekufa.

Basi huitwa mtaja majina. Mama humpakata mtoto, mtaja majina hukaa kwenye kigoda, na wafu hutajwa mmoja mmoja, wa upande wa baba kwanza, kisha wa upande wa mama. Jina lenyewe likifikiwa, mtoto hunyamaza saa ileile na kutafuta titi. Ndiyo maana watu wa kijiji kile walizijua nasaba zao vizuri. Hata mlevi aliyelala njiani ungemwamsha, angekutajia vizazi saba na kulala tena. Kwao nasaba haikuwa fahari, ilikuwa dawa.

Katika kijiji hicho alikaa mwanamke aitwaye Minza, na mumewe Budeba. Baba yake Minza, Mzee Kabadi, alikuwa amekwisha kufa. Mama yake, Bi Nkwimba, alikuwa hai, tena nyumba yake ilikuwa hatua chache tu kutoka kwa binti yake. Huyo Nkwimba alimpenda Minza kupita kiasi. Alimchagulia samaki asiye na miba, alimsuka nywele hata alipokuwa mke wa mtu, na mvua ikinyesha alimwendea na ungo juu ya kichwa kuona kama paa linavuja. Watu walisema, "Nkwimba na mwanawe ni ulimi na mate."

Minza alizaa mtoto wa kwanza. Mtoto akalia bila kunyamaza. Mtaja majina, Mzee Lugendo, akataja majina yote ya akina Budeba, akataja majina yote ya Kabadi, akataja na ya Nkwimba. Mtoto alilia siku saba, akafa. Akazikwa nyuma ya migomba bila jina.

Minza alizaa mtoto wa pili. Mtoto akalia bila kunyamaza. Mzee Lugendo akataja majina yote. Mtoto alilia siku saba, akafa. Akazikwa pembeni ya mwenzake.

Minza alizaa mtoto wa tatu, wa kike. Mtoto akalia bila kunyamaza.

Mnaniangalia hivyo kwa nini? Nilikwisha kuwaambia mcheke mapema.

Siku ya tatu Mzee Lugendo aliitwa. Alikuja na kigoda chake, akaketi, akaanza. Zamani, kwa watoto wale wawili, Minza alikuwa akilia pamoja na mtoto, hakusikia kitu. Safari hii machozi yalikuwa yamemkauka. Aliketi akamtazama mtoto, akamsikiliza kwa makini kama mtu anayesikiliza chungu kilicho motoni.

Mzee Lugendo akataja akina Budeba. Kilio cha mtoto kikapungua kidogo. Akataja akina Kabadi. Kikapungua kidogo. Akageukia upande wa Nkwimba, akataja mama yake Nkwimba, bibi yake Nkwimba, shangazi zake Nkwimba, na kwa kila jina mtoto alipandisha sauti, akakunja ngumi, akageuza uso.

Mzee Lugendo alipomaliza alishika kigoda chake, akaondoka bila kumtazama mtu.

Minza akamwambia Nkwimba, "Mama, huku kwetu sisi wawili kuna jina limesahauliwa."

Nkwimba alikuwa akipepeta mtama. Hakuinua macho. Akasema, "Majina yamekwisha, mwanangu."

"Fikiri vizuri, mama. Hata la mtu mbaya. Hata la mchawi. Mimi sitaona aibu."

"Majina yamekwisha, mwanangu."

Minza akamtazama mikono. Nkwimba alikuwa akipepeta ungo usio na kitu. Mtama wote ulikuwa umemwagika chini, na yeye anapepeta tu.

Kulipopambazuka siku ya nne, Minza alimfunga mtoto mgongoni akaenda kutafuta. Alijua pa kuanzia. Katika viumbe vyote vya nchi ile, aliyejua habari za wafu kuliko watu alikuwa Fisi, maana hakuna kaburi ambalo hajalinusa. Akamkuta amejilaza pangoni kwake, mchana ule wa jua kali, macho nusu.

"Hodi, Bwana Fisi."

"Karibu, mama. Huyo wa mgongoni anakaribia kuwa wangu, nasikia."

"Bado si wako," Minza akasema. "Nimekuja kuuliza. Wewe unawajua wafu wetu wote. Kwa mama yangu Nkwimba kuna mfu gani asiyetajwa?"

Fisi akacheka kile kicheko chake. Kisha akaacha kucheka, jambo ambalo halimtokei mara nyingi.

"Mama, mimi ni mtu wa njaa, na mwenye njaa hukumbuka kila alipokula. Mwanamke akijifungua, kondo la nyuma huzikwa nyuma ya nyumba yake. Nami huja nikalifukua. Msinichukie, ndivyo nilivyoumbwa. Nyuma ya kila nyumba ya kijiji chenu nimewahi kufukua. Nyuma ya nyumba ya Nkwimba sijafukua kitu, si jana, si juzi, si tangu niote meno."

"Na mimi?" Minza akauliza. "Langu lilizikwa wapi?"

"Mwaka uliozaliwa wewe ulikuwa mwaka wa ukame, hapakuzaliwa mtoto mwingine. Nilifukua mara moja tu. Ni pale kwenye kiwanja cha baba yako, upande wa machweo, penye kichuguu na vigae vilivyovunjika. Wakati ule palikuwa na kibanda."

"Kibanda cha nani?"

"Sisi wanyama hatujui majina ya watu. Mimi najua mifupa na najua damu. Jina kawaulize watu."

Minza alirudi njia nzima na maneno hayo. Fikirieni, jamani. Umebebwa na mtu, umelishwa na mtu, umempikia na kumkandia miguu, halafu Fisi anakuambia kwamba hukutoka kwake. Aliumia Minza, tena aliumia vibaya. Lakini mtoto alikuwa akilia mgongoni, na mwenye mtoto anayelia hana nafasi ya kujililia mwenyewe.

Siku ya tano Budeba alianza kunoa jembe, na haukuwa msimu wa kulima. Minza alimwona, akamfunga mtoto mgongoni. Akaenda upande wa machweo wa kiwanja cha marehemu baba yake.

Palikuwa na kichuguu, magugu na vigae. Tangu utotoni alikuwa akikatazwa kucheza pale. Nkwimba alimwambia pana nyoka. Akafyeka magugu kwa mikono. Chini ya vigae akakuta chungu kidogo kizima, kimelala ubavu. Upande mmoja kilikuwa kimeiva, chekundu. Upande wa pili kilikuwa cheusi na kibichi, kama kwamba moto ulizimwa kabla ya wakati. Ndani yake Nyigu, yule anayejenga nyumba ya tope, alikuwa amejenga.

"Usinivunjie nyumba," Nyigu akasema.

"Sivunji. Niambie tu, chungu hiki ni cha nani?"

"Sisi wanyama hatujui majina ya watu. Mimi najua udongo. Udongo huu si wa hapa. Ni wa ng'ambo ya mto, mlaini, hauna mchanga. Bibi zangu walijenga hapa kwa ajili yake. Walisimulia kwamba mwenye kibanda alikuwa mfinyanzi aliyeolewa huku kutoka ng'ambo, na kwao ng'ambo mama akijifungua humfinyangia mtoto chungu chake cha kuogea, akakichoma kwa mkono wake kabla kitovu hakijaanguka. Weka kidole hapo mdomoni mwa chungu."

Minza akaweka kidole gumba. Palikuwa na alama ya kidole gumba cha mtu kwenye udongo. Kidole chake kikaingia kikaenea, kana kwamba alikifinyanga yeye.

"Kwa nini hakikuiva?"

"Walikuja watu wakamwaga maji kwenye moto. Yeye wakamchukua, wakaelekea majabalini. Zaidi ya hapo muulize anayekaa huko."

Minza akafunga chungu kwenye pindo la kanga, akapanda majabalini, mtoto analia mgongoni. Sauti ilikuwa imeanza kupungua, na si kwa kutulia. Juu kabisa akamkuta Bibi Pimbi ameketi mbele ya lundo kubwa la mawe lililoziba mdomo wa pango.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Umechelewa sana, Minza."

Minza akashtuka. "Umelijuaje jina langu? Wenzako wamesema wanyama hawajui majina ya watu."

"Hatuyajui. Hilo moja tunalijua kwa sababu lilitajwa sana hapa." Bibi Pimbi akaligeukia lile lundo la mawe. "Ilikuwa mwaka wa tatu bila mvua. Siku moja mawingu yakaja, watu wakatoka nje na vyungu vyao. Yule mfinyanzi alikuwa amejifungua jana yake, naye siku hiyo anachoma chungu cha mtoto. Moshi ukapanda, upepo ukaja, mawingu yakatawanyika. Watu wakasema, mfinyanzi ameichoma mvua. Wakamleta hapa mchana kweupe, wakamwingiza humu, na kila mtu wa kijiji akaja na jiwe lake, akaliweka mlangoni kwa mkono wake. Wanaume kwa wanawake. Ili asiwepo mmoja wa kumnyooshea kidole mwenzake."

Minza akaweka kiganja juu ya jiwe moja.

"Aliita siku mbili. Alikuwa anaita 'Minza, Minza.' Matiti yalikuwa yamejaa, alisema yanamuuma, anaomba mtoto aletwe anyonye tu, kisha wamrudishe. Siku ya pili mvua ikanyesha, mvua kubwa, mito ikafurika. Nikasema, sasa watakuja kufungua, waliyoitaka wameipata. Hakuja mtu. Walikuwa shambani wanapanda."

"Bibi, yeye aliitwa nani?"

"Alikuita wewe, mjukuu wangu. Mtu hajiiti jina lake mwenyewe. Na waliomleta hawakulitamka hata mara moja. Walipomaliza kuweka mawe walikunywa kibuyu, wote, wakaapa kwamba atakayelitaja jina lake hataliona jua la pili. Mimi najua mawe. Jina wanalo watu."

Siku ya sita, kabla ya umande kukauka, Minza alipita nyumba kwa nyumba na mtoto mkononi. Vijana na wageni walimwonea huruma, lakini hawakujua kitu, walikuwa hawajazaliwa au hawajaja. Wenye mvi walijua.

"Babu Lugendo, wewe ndiwe mtaja majina. Taja hilo moja."

Mzee Lugendo akatazama kigoda chake. "Nilikunywa, mjukuu wangu."

Akaenda kwa bibi aliyekuwa mkunga. "Nilikunywa, mwanangu."

Akaenda kwa mfua jembe. "Nilikunywa. Nina wajukuu, Minza."

"Nami nina mtoto," Minza akasema. Mfua jembe akaingia ndani, akafunga mlango.

Jua lilipokuwa linapinda, aliingia kwa Nkwimba. Bibi huyo alikuwa ameketi kwenye mkeka, amemchemshia binti yake uji wa mtama, ameufunika usipoe. Minza hakugusa uji. Alifungua pindo la kanga, akatoa chungu kidogo, akakiweka mkekani katikati yao.

Nkwimba akakitazama kwa muda mrefu. Akasema, "Nilikwambia pana nyoka pale."

"Nyoka nimemwona, mama. Sema."

Nkwimba akasema. Alisema kwa sauti ya kawaida, kama anayesimulia alivyopika mboga. Alikuwa mke mkubwa wa Kabadi, mgumba wa miaka kumi na miwili. Kabadi akaoa mke mdogo kutoka ng'ambo ya mto, mcheshi, mwenye mikono ya udongo, aliyemwita Nkwimba dada na kumfinyangia chungu cha mboga kizuri kuliko vyote kijijini. Huyo mdogo akashika mimba mwaka wa kwanza.

"Siku ile moshi ulikuwa mdogo," Nkwimba akasema. "Hakuna aliyeuona ila mimi. Mawingu yalikuwa yamekwisha kutawanyika kabla ya moshi. Ni mimi niliyekwenda kwa wazee nikasema. Sikutaka wamuue, Minza. Nilidhani watamfukuza arudi kwao, na mtoto abaki. Nilitaka mtoto. Nilipoona wanaelekea majabalini nilikuwa nimekwisha kukupakata. Nami nikabeba jiwe, nawe ukiwa mgongoni kwangu."

"Na baba?"

"Baba yako alikuwa wa kwanza kuweka jiwe. Walimlazimisha awe wa kwanza. Baada ya hapo hakuwahi kula kwenye chungu cha udongo, alikula kwenye kibuyu mpaka anakufa. Wewe ulidhani ni mwiko wake."

Mtoto alitoa sauti ndogo kama ya paka aliyezaliwa leo. Wote wawili wakamtazama.

"Mtoto wangu wa kwanza alipokuwa analia," Minza akasema, "ulijua jina analolitaka?"

"Nilijua."

"Na wa pili?"

"Nilijua."

"Ulikuwa umekaa hapo hapo. Ulimpakata. Ulimwimbia."

"Niliogopa kufa, mwanangu. Nilikunywa kibuyu. Kila siku nilisema, kesho nitasema. Siku ya saba ikafika kabla ya hiyo kesho."

Minza akainuka. Hakupiga kelele, hakumgusa. Akamchukua mtoto, akamlaza mapajani kwa Nkwimba, akasema, "Basi mlee na huyu, mpaka anyamaze." Akatoka, akaketi kizingitini, akaupa mlango mgongo.

Mimi ninayesimulia nimekuwa nikijiuliza miaka mingi kama ningeweza kukaa pale kizingitini. Nadhani ningerudi ndani nikapiga magoti nikabembeleza. Minza alikwisha kubembeleza kijiji kizima.

Alisikia mkeka ukinyooshwa. Alisikia maji yakimwagwa, Nkwimba akinawa uso, mikono na miguu, kama anavyooshwa maiti, ila huyu alijiosha mwenyewe. Alisikia sanduku likifunguliwa na kanga mpya ikitolewa. Kisha akasikia sauti.

"Minza. Nakufa. Mbuzi mweupe ana mimba, usimchinje. Uji uko pale, ule."

Halafu akamwinamia mtoto na kusema, "Wande."

Kilio kikakatika.

"Wande," akasema tena. "Wande, dada yako nimekuita. Rudi nyumbani."

Minza alipogeuka, mtoto alikuwa amefumbua macho, mdomo unatafuta huku na huko. Akamchukua, akampa titi. Mtoto akanyonya, akanyonya, akanyonya, mpaka maziwa yakamtoka pembeni mwa mdomo.

Nkwimba alijilaza kwenye mkeka katika ile kanga mpya, akanyoosha miguu, akafumba macho kungoja. Na Minza, ambaye moyo wake ulikuwa jiwe kizingitini, alimwona pale mdogo na mzee, anakufa kwa ajili ya mjukuu, na jiwe likamyeyuka. Akaketi kando yake na mtoto titini, akamshika mkono.

"Mama," akasema, "nimekusamehe. La kwangu, na la mama yangu, na la watoto wangu wawili. Nenda salama."

Nkwimba akalia kwa furaha. Jua likazama, naye akiwa amelala na kusamehewa.

Jogoo akawika.

Akawika mara ya pili.

Akawika mara ya tatu, jua likaingia mlangoni, likapanda mkekani, likamfikia Nkwimba miguuni, kiunoni, usoni. Naye akafumbua macho.

Alijigusa kifua. Moyo ulikuwa unapiga vizuri kabisa. Hata kichwa hakikumuuma.

Akamtazama Minza, Minza akamtazama. Wote wawili walikuwa wanawafikiria watoto wale wawili nyuma ya migomba. Kibuyu hakikuwa na nguvu. Hakikuwahi kuwa nazo. Jina lile lingeweza kutajwa siku yoyote, kwa mtoto yeyote, na aliyelitaja angekula uji wake asubuhi kama kawaida.

Kibuyu kilikuwa na nini? Wengine husema maji ya kisimani na majivu ya jikoni. Aliyekichanganya alikwisha kufa zamani, tena kifo cha kawaida, cha uzee. Mimi sijui, sikukionja.

Minza akautoa mkono wake polepole kutoka mkono wa Nkwimba.

Siku hiyo watu, waliokuwa wamesikia kilio kimekatika na wakajua jina limetajwa, walipita mmoja mmoja mbele ya nyumba ile kama kwamba wana safari zao. Walimwona Nkwimba ameketi nje, mzima, anapepeta mtama, na safari hii mtama ulikuwamo. Mzee Lugendo aliona, kigoda kikamwanguka. Mkunga aliona, akashika mdomo. Mfua jembe alisimama pale muda mrefu kuliko wote, kwa sababu alikuwa na binti aliyewahi kufiwa na mtoto aliyelia vilevile, na huyo binti alikuwa mpwa wa Kabadi.

Minza hakuwalaumu. Aliwaambia neno moja tu. "Kila mtu akatoe jiwe lake."

Wakapanda majabalini mchana kweupe, vikongwe wameshikwa mikono. Mlidhani watachanganya? Hakuna aliyechanganya. Baada ya miaka yote hiyo, kila mtu alilijua jiwe lake, akalifuata moja kwa moja, akalitoa. La Kabadi alilitoa Minza, naye aliambiwa lipi. La Nkwimba lilikuwa dogo, kwa sababu siku ile alikuwa na mtoto mgongoni. Ndani wakamkuta mfinyanzi ameketi, mgongo umeegemea mlango ule wa mawe, mifupa ya mikono imekunjwa kifuani namna ya mtu anayepakata. Wakamzika kando ya kibanda chake, na kile chungu kidogo chenye upande mbichi wakakiweka juu. Mzee Lugendo akasimama akataja, "Minza binti Wande."

Kisha Minza akaenda peke yake nyuma ya migomba. Akachutama kwenye vikaburi viwili, akawaambia wanawe jina la bibi yao, mara tatu kila mmoja. Hapakuwa na kitu kilichojibu. Akakaa mpaka mtoto wa mgongoni alipotaka kunyonya.

Mtataka kujua Nkwimba alifanywa nini. Hakufanywa kitu. Minza alikuwa amesamehe, na msamaha ni kama maji, ukimwaga huzoi. Kila siku alimpelekea chakula, akakiweka chini, akaondoka. Hakumtukana. Wala hakumwita mama tena mpaka mwisho.

Na Nkwimba aliishi. Aliishi miaka mingi sana, akazika rika lake lote, macho yakafifia lakini sauti ikabaki nzima. Mtu aliyeogopa kufa kwa siku moja alipewa siku mpaka akazichoka. Minza alipokwenda shambani, mtoto alibaki kucheza uani kwa bibi huyo, kwa kuwa hapakuwa na mwingine wa kumwangalia. Na kikongwe akitaka maji ya kunywa, au akitaka kuongozwa kivulini, ilimlazimu aite, na kijiji kizima kikamsikia.

"Wande!"

"Abee, bibi."

"Wande, uko wapi?"

"Niko hapa, bibi. Nafinyanga."

Hadithi yangu imefika kwake, imekaa chini hapo. Na nyinyi mnaokwenda kulala, mkifika nyumbani waambieni bibi zenu wawatajie majina yote ya ukoo. Sikilizeni vizuri, na muangalie ni wapi watameza mate.